Uzi: Tufani ya Aprili 1872 ilivyoigeuza Unguja, kwa wale mnaosema pwani yetu haijawahi kupigwa na kimbunga

Mjukuu wa Mkoani

Assalam aleykum wakuu, na kwa wengine habari za mchana.

Huu uzi nimekusudia kuuandika tangu Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, kila nikikaa napata udhuru. Siku zile nilikuwa Dar nataka kuvuka Unguja kwenye msiba, boti zimesimamishwa, tumekaa nje ya bandari watu kama hamsini na mizigo yetu. Akasimama mzee mmoja akasema kwa kujiamini kabisa kwamba hawa wa hali ya hewa wanatutia hofu bure, pwani hii tangu iumbwe haijapigwa na kimbunga, vimbunga ni vya Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska. Watu wakaitikia, kweli mzee, kweli. Mimi sikumjibu, mtu mzima humjibu mbele za watu. Lakini iliniuma na bado inaniuma, maana kwetu sisi tumelelewa na hiyo hiyo habari anayosema haikuwahi kutokea.

Babu yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa na mikarafuu upande wa Mkoani, Pemba. Msimu wa kuchuma usiku tunakaa barazani wajukuu wote tunachambua, karafuu huku makonyo huku, na yeye kazi yake ni kuzungumza tusilale. Kuna neno alikuwa halikosi, kwamba hizi karafuu zilikuwa za Unguja, sisi tumeletewa na upepo. Tukidhani ni hadithi za kututoa usingizi. Nimekuja kusoma ukubwani nakuta babu alikuwa anasema historia tupu, na tarehe yake ipo.

Jumatatu, 15 Aprili 1872.

Kiti cha usultani anacho Sayyid Barghash bin Said, hajatimiza hata miaka miwili tangu akamate Oktoba 1870. Mji ndo kwanza unapumua na kipindupindu cha 1869 na 1870 kilichozika maelfu ya watu. Na mwezi wenyewe ni wa tangambili, kaskazi imekata na kusi haijashika sawasawa. Mtu wa pwani atanielewa nikisema hivi. Vyombo vya Arabuni, vya Kachi na Bara Hindi vinashuka na kaskazi kuanzia Disemba, vikishauza na kununua vinakaa vinangoja kusi irudi virudi makwao. Kwahiyo ukiniuliza mwezi gani ni mbaya kuliko yote kwa bandari ya Unguja kukutwa na tufani nitakwambia ndo huo huo Aprili, majahazi yamejaa yanasubiri upepo wa safari. Upepo ukaja lakini si ule waliokuwa wanausubiri.

Merikebu za Sultani, za vita na za biashara, karibu zote zilikwenda, nyengine zimezama nyengine zimetupwa ufukweni zimepasuka. Vyombo vya wafanyabiashara vikahesabiwa kwa makumi na makumi. Mtu alilala ni tajiri ana majahazi matatu kaamka ana mbao pwani. Nyumba za makuti na udongo sina haja ya kusema, mnajua upepo wa kawaida tu wa kusi unavyozifanya.

Lakini la mashamba ndo lililobadilisha dunia yetu. Takriban thuluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja ililala chini. Thuluthi mbili wakuu. Na mkarafuu si muhogo kwamba utapanda mwakani ule, mkarafuu unakaa miaka sita mpaka minane ndo uanze kutoa, na mpaka ufike kuzaa kisawasawa mtoto uliyempakata siku ya kupanda kashaoa.

Pemba haikuguswa hivyo, mikarafuu ilibaki imesimama.

Naendelea, nikaswali kwanza.

---

Chaka la Simba

Nipo kiti cha mbele mkuu. Nimesoma mpaka fom six historia, Sultani Barghash nimemsoma, mkataba wa 1873 nimeukariri mpaka tarehe, hii ya tufani hakuna mwalimu hata mmoja aliyeitaja. Endelea.

---

Bi Mwana wa Tumbatu

Kaka samahani nina swali. Unguja na Pemba pana mkondo wa maili chache tu, kama kilomita hamsini hivi, hali ya hewa nzuri unapiga jicho unaona kisiwa. Vipi upepo ung'oe huku thuluthi mbili na kule usiguse? Sikatai, nataka kufahamu tu.

---

Mjukuu wa Mkoani

Bi Mwana shikamoo. Swali lako zuri na ndo hilo watu wengi linawachanganya kuhusu vimbunga. Picha ya setilaiti unaona wingu kubwa limefunika nusu ya bahari unadhani upepo mkali uko kote, kumbe ule wa kung'oa miti uko karibu na kitovu, pale pembezoni mwa jicho, ukitoka hapo kilomita makumi kadhaa nguvu inashuka sana. Kwahiyo kitovu kikipita juu ya Unguja, Pemba inaweza kupata mvua na upepo wa kuangusha ndizi na basi. Ile ya 1872 ndivyo ilivyofanya.

Naendelea.

Baada ya hapo karafuu zikapanda bei kwa sababu shehena imepungua, na mwenye miti iliyosimama ndo mwenye neema. Pemba ikapandwa kwa wingi, watu wakahamishia mitaji kule. Kabla ya tufani Unguja ndo ilikuwa kitovu cha karafuu. Miaka iliyofuata ikageuka, na mpaka leo hii ukisema karafuu za Zanzibar unasema karafuu za Pemba, sehemu kubwa kabisa inatoka kule. Ukipita mashamba ya Unguja ukaona minazi na michungwa na viungo vya kutembeza watalii, ukavuka Pemba ukaona vilima vimejaa mikarafuu mpaka harufu inakufuata kwenye gari, basi sehemu ya jibu ni siku moja ya mwezi wa nne.

Sasa nataka niseme jambo ambalo ni zito na sitaki kulipita juu juu. Mashamba yale yalikuwa yanalimwa na watumwa. Tunapolia mikarafuu iliyoanguka tusisahau nani aliipanda na nani alilazimishwa kuipanda upya, tena kule Pemba iliyopandwa mipya kwa maelfu nani aliyechimba yale mashimo. Watu wa bara waliochukuliwa Nyasa na kwengineko. Tufani iliwapiga na wao, katika vibanda dhaifu kuliko vya wote, na hakuna aliyeandika majina yao.

Januari 1873 Waingereza wakamleta Sir Bartle Frere kumtaka Barghash asaini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Barghash akakataa, na moja ya hoja zake ni hiyo hiyo tufani, kwamba nchi imefilisika, mashamba yamelala, mikono ya kazi inahitajika, apewe muda. Hakupewa. Frere akaondoka, John Kirk aliyekuwa ameshika ubalozi wa Uingereza pale akabaki na tishio la manowari kuizingira Unguja, na 5 Juni 1873 Barghash akatia saini. Soko la Mkunazini likafungwa. Fikiria mtu anatishiwa na manowari mwaka mmoja tu baada ya merikebu zake mwenyewe kuisha kwa upepo.

---

Mzalendo Halisi

Kwahiyo kwa maneno mengine tufani ndo iliyokomesha utumwa, Mungu alishusha ghadhabu yake.

---

Mjukuu wa Mkoani

Hapana ndugu yangu, hapo tusiende. Shinikizo la Waingereza lilikuwepo kabla, bunge lao lilishaunda kamati ya kuchunguza biashara hii mwaka 1871. Tufani ilimkuta Sultani ikamwacha hana fedha wala merikebu wakati mbaya. Na mkataba wa 1873 ulifunga soko na usafirishaji baharini, utumwa wenyewe Unguja na Pemba uliendelea kutambuliwa na sheria mpaka 1897. Kuhusu ghadhabu mimi sisemi, maana kama ni adhabu basi waliokufa wengi walikuwa si wenye makosa.

---

Chaka la Simba

Mkuu na ile meli ya Glasgow nimewahi kusikia ina uhusiano na hii habari?

---

Mjukuu wa Mkoani

Ina uhusiano tena mkubwa. Barghash baada ya kupoteza merikebu zake aliagiza ijengwe mpya Scotland, muundo wake ukaigwa kwa manowari ya Kiingereza iliyokuwa imefika Unguja ikampendeza, na jina akalichukua lile lile, Glasgow. Ikaingia majini 1878. Ndo hiyo iliyozamishwa na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 kwenye vile vita vya dakika 38 na zaidi kidogo, ikakaa chini ya bandari milingoti imechomoza juu ya maji miaka na miaka mpaka ikaja kuvunjwa 1912. Kila anayeandika kuhusu vile vita vya kasri anaitaja, wachache wanaouliza kwanini ilijengwa.

Na tusidhani ilikuwa ya visiwani tu. Ilivuka bara. Bagamoyo mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wameanza misheni 1868, ikavunjwavunjwa, ikabidi wajenge upya. Ikaingia ndani na mvua zake mpaka maeneo ya Morogoro. Stanley, yule mwandishi wa habari aliyemtafuta Livingstone, alikuwa njiani kurudi pwani wakati huo huo, anashuka kutoka Tabora. Kufika mbuga za Mkata akakuta maji, watu wanavuka kwa kuogelea na mizigo kichwani, na kufika Simbamwene, ule mji wenye ngome ya mawe aliouona mwaka uliopita akausifu, akakuta mto Ngerengere umebeba sehemu ya ukuta na nyumba, vijiji vya bonde lile vimesombwa. Akaingia Bagamoyo tarehe 6 Mei, kesho yake Unguja.

---

Fundi Boti Kigamboni

Uzi mtamu lakini mimi nitasema ukweli wangu. 1872 mpaka leo ni zaidi ya miaka 150. Kitu kikitokea mara moja kwa miaka 150 hakiwezi kubadilisha nilivyojenga nyumba. Mzee wako wa bandarini hakukosea sana.

---

Binti Mchinga

Fundi Boti naomba nikujibu mimi.

Mimi ni wa Lindi. Bibi yangu alikuwa mwali hajaolewa mwaka 1952. Tarehe 15 Aprili 1952 Lindi ilipigwa na kimbunga na watu zaidi ya 30 walikufa. Angalia tarehe. Tarehe 15 mwezi wa nne, miaka 80 kamili baada ya hiyo ya Unguja, mwezi ule ule siku ile ile. Sisemi ni uchawi, nasema ni mwezi wake.

Bibi alikuwa akituhadithia alikuwa anashika mikono yake miwili hivi kama anashika nguzo, mpaka uzeeni. Anasema baba yake aliwafunga watoto wadogo kwa kanga kwenye mwembe, mwembe mnene kuliko nguzo ya nyumba, na paa la nyumba yao la makuti liliondoka zima zima kama mtu amevua kofia. Mabati ya maduka ya Wahindi mjini yalikuwa yanaruka, anasema ile sauti ya bati angani hakuisahau, hata mvua ya kawaida ikipiga bati yeye alikuwa ananyanyuka kitandani. Mikorosho na minazi imelala upande mmoja yote. Baada ya hapo njaa.

Kwahiyo kaka ukisema mara moja kwa miaka 150 unamfuta bibi yangu.

---

Fundi Boti Kigamboni

Dada nisamehe. Kweli sikuwa najua ya Lindi. Nimekaa pwani miaka 40 na sijawahi kuisikia, hilo lenyewe ni tatizo. Nafuta kauli.

---

Mwalimu wa Ramani

Mimi nafundisha jiografia sekondari huku Tanga, naomba nichangie upande wa kwanini ni nadra, maana mzee wa bandarini alikuwa na nusu ya ukweli na nusu ya ukweli ndo inayoua watu.

Kimbunga kinataka bahari yenye joto, nyuzi 26 na nusu au 27 kwenda juu, na joto hilo lishuke chini mita makumi kadhaa sio pale juu tu. Hilo bahari yetu inalo, mwezi wa tatu na wa nne inalo kabisa. Cha pili kinataka msukumo unaotokana na dunia kujizungusha, ndo unaoufanya upepo ugeuke uzunguke badala ya kwenda moja kwa moja kwenye kitovu. Kwenye ikweta msukumo huo ni sifuri, unakua kadri unavyokwenda kusini au kaskazini. Ndo maana vimbunga havizaliwi karibu na ikweta, ni nadra mno ndani ya nyuzi 5. Unguja iko nyuzi 6 kusini, Lindi na Mtwara nyuzi 10. Mnaona sasa, sisi tuko kwenye ukingo, hatuko nje. Mombasa iko nyuzi 4 wao wako salama zaidi yetu.

Alafu kuna njia. Vimbunga vya bahari yetu vinazaliwa mbali mashariki vinakuja magharibi, na vingi vikikaribia vinapinda kwenda kusini, ndo vinaishia Madagaska, Morisi, Reunion, na vikipita mkondo wa Msumbiji vinaangukia Msumbiji. Kile kimoja katika miaka mingi kinachosahau kupinda kinakuja moja kwa moja kwetu. Hakuna ukuta. Watoto wananiandikia kwenye mtihani "Madagaska inatukinga". Inatukinga kwa vinavyopita kusini, ncha ya kaskazini ya Madagaska iko nyuzi 12, juu ya hapo ni bahari wazi mpaka Kilwa.

---

Mngazija wa Malindi

Mwalimu umesema kweli, na hilo eneo la wazi ndo visiwa vyetu vilipo. Naandikia Malindi ya Unguja lakini ukoo wangu uko Ngazidja, Komoro. Kimbunga Kenneth kilipita karibu kabisa na Ngazidja, upande wa kaskazini, usiku wa 24 Aprili 2019 kabla ya kwenda Msumbiji, migomba na minazi ya wajomba ilikwisha. Alafu Chido, 14 Disemba 2024, Mayotte. Upepo zaidi ya kilomita 220 kwa saa, mitaa ya mabati kule vilimani Mamoudzou imebaki kama uwanja. Wale ni watu wetu, lugha yao na hii tunayoandika ni mtu na dada yake, ukimsikiliza mama wa Mayotte analia unamfahamu bila mkalimani. Kwa siku tatu sikumpata shangazi yangu kwenye simu, siku ya nne akapiga kwa simu ya jirani akasema tu tuko hai, tupeni maji.

---

Ligula Kwetu

Kenneth mimi naikumbuka kwa ubaya na kwa uzuri. Mtwara 2019. Tulikuwa tumeshaona Idai ilivyoifanya Beira mwezi mmoja nyuma, ule usiku wa 14 Machi, watu zaidi ya elfu walikufa ukijumlisha na Zimbabwe na Malawi, kwahiyo tangazo lilipotoka watu hawakufanya mchezo. Skuli zikafungwa, wa mabondeni na pwani wakaambiwa waondoke. Mama yangu alifunga godoro juu ya kichwa tukapanda Shangani kwa mjomba kwenye nyumba ya zege. Tarehe 25 tumekaa ndani tunasikiliza redio. Kikaenda kikaangukia Cabo Delgado, upande wa pili wa Ruvuma, kaskazini kidogo ya mji wa Pemba wa kule.

Hapo ndo ilitokea habari nyingine, ndugu zetu walioko nje waliposikia "Pemba imepigwa" simu zikawaka kisiwani Pemba watu wanaulizana mko hai, kumbe ni Pemba ya Msumbiji.

Kilichonisikitisha ni siku ya pili yake. Watu waliohamishwa wakawa wamekasirika, wanasema tumesumbuliwa bure. Bure! Kilomita mia moja na kitu upande wa pili wa mto nyumba zimekwisha, kilichotuokoa ni kwamba kilichagua njia ile na sio hii. Na wenzetu wa upande ule ni Wamakonde hao hao, wana ndugu huku.

---

Likoni Ferry Moja

Salamu kutoka Mombasa. Mwalimu amesema sisi tuko salama, ni kweli kimbunga chenyewe hakijatufikia, lakini wiki mbili tu baada ya Hidaya kilikuja chengine kikaitwa Ialy, kilipanda karibu na ikweta mpaka wataalamu wenyewe wakashangaa, sisi huku ilikuwa upepo na mawimbi wavuvi hawakutoka siku kadhaa. Na balaa letu ni maji kuliko upepo. Nilikuwa mtoto ile Elnino ya 97, mvua ilianza Oktoba ikakataa kukoma, barabara ya Nairobi ikakatika, unga na mboga zikapanda bei, baba yangu dereva wa lori alikaa njiani hatujui yuko wapi. Wale wanaosema Elnino tu wanasahau kwamba mwaka ule bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia ikapoa, hilo ndo lililoivuta mvua yote huku. Wazee wetu nao wanazo za 1961, ile mvua ya mwaka ule mpaka ziwa Viktoria likapanda zaidi ya mita mbili na likakaa hivyo miaka.

---

Bi Mwana wa Tumbatu

Nyote mmenifungua macho. Nina la kuongezea dogo. Bibi zetu walikuwa hawasemi kimbunga, wakisema tufani, kimbunga kilikuwa ni kile kidogo kinachozunguka uwanjani kikibeba vumbi na majani, watoto tukikikimbilia. Sasa redio ikitangaza "kimbunga" mtu mzima wa kisiwani anaona akilini mwake kile cha vumbi. Nafikiri na hilo lina sehemu yake kwenye watu kudharau.

---

Mjukuu wa Mkoani

Bi Mwana hilo sijawahi kulifikiria na nadhani umegusa penyewe. Mimi hata babu alikuwa akisema tufani.

Mnajua kinachoniumiza zaidi ni nini. Kizazi cha 1872 kikamwambia mtoto, mtoto akamwambia mjukuu, mpaka babu yangu kilibaki kimstari kimoja cha kuchambulia karafuu, na mimi nilikuwa nimekaribia kukitupa. Katikati hapo ndo anazaliwa mtu anayesimama bandarini kwa uhakika kabisa anasema haijawahi. Mji Mkongwe una alama ya kila kitu, nyumba ya fulani, msikiti wa fulani, kaburi la fulani. Tufani iliyofuta bandari nzima sijaona hata jiwe lililoandikwa, na nimetafuta.

---

Jibondo Ngalawa Mbili

Naandika kwa simu mtanisamehe makosa. Mimi ni mvuvi, Mafia. Nimesoma uzi wote kuanzia juu nikaona niseme ya Hidaya maana ilitua kwetu, Jumamosi 4 Mei 2024.

Mtu akisema ilipofika ilikuwa imeshapoa ni kweli, redio walisema hivyo na wataalamu ndo wanajua. Mimi naongea niliyoyaona. Tangazo tulilipata tangu siku mbili nyuma. Baba yangu hakuamini, kaka yangu hakuamini, mimi niliamini kwasababu bahari ilikuwa si ya kawaida, wimbi linakuja refu zito na upepo haupo, linatoka mbali. Upepo hakuna na bahari inavimba, hiyo si ishara nzuri. Nikafungua mashine ya boti nikaibeba begani nikaiweka ndani ya nyumba chini ya kitanda. Boti tukaivuta watu tisa tukaiingiza kwenye mkono wa mikoko tukaifunga kamba nne kwenye mashina. Ngalawa mbili nikazijaza maji zikae chini zisipeperushwe. Kuna mwenzangu aliniona akaniambia unajichosha.

Usiku ulipoingia sikulala. Upepo ulikuja kwa vipindi, unapiga, unaacha, unapiga. Paa la jikoni likaenda, la nyumba kubwa likabaki nusu. Minazi ilikuwa inaanguka gizani, unasikia mlio wa kuvunjika alafu unangoja kusikia itaangukia wapi. Watoto niliwaweka chini ya meza. Asubuhi boti yangu ipo. Ya yule mwenzangu tuliikuta vipande, mashine haikupatikana mpaka leo, na ile mashine alikuwa anadaiwa.

Barabara ya kusini nayo tukasikia imekatika kule Somanga, magari yamelala siku kadhaa, petroli ikawa shida na samaki waliokuwa kwenye barafu wakaharibika.

Nina swali kwa mwenye uzi. Wale wa 1872 walikuwa na habari yoyote kabla? Kuna mtu aliyewaambia?

---

Mjukuu wa Mkoani

Pole sana ndugu yangu na hongera kwa akili yako.

Hapana. Hakukuwa na mtu wa kuwaambia. Simu ya upepo haipo, hata waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Unguja 1879, miaka saba baadae. Kwahiyo hata baada ya tufani kupita, dunia haikujua mpaka meli ilipotoka na barua. Walichokuwa nacho manahodha ni kile kile ulichokuwa nacho wewe, lile wimbi refu zito lisilo na upepo. Naamini wapo walioliona siku moja kabla wakajua si jambo la kheri. Lakini bandari imejaa, nanga zimeshikana, upepo wa kutokea nje hakuna, na mikoko ya kuingiza jahazi la tani mia hakuna.

---

Jibondo Ngalawa Mbili

Basi walikaa wanaliangalia.

---

Mjukuu wa Mkoani

Walikaa wanaliangalia.

---

Binti Mchinga

Jibondo hizo kamba ulifunga kwenye shina la mkoko gani, mkoko wenyewe au mchu? Nimuulizie mdogo wangu yuko Mchinga ana boti, kila mwaka anaiacha pwani kwenye mchanga, na Aprili inakuja.

---

Jibondo Ngalawa Mbili

Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya juu kama miguu ya kaa, usifunge kwenye mchu mdogo, unang'oka. Kamba ifunge chini karibu na mizizi sio juu kwenye tawi, na uache urefu wa maji kujaa, boti ipande na kushuka bila kuning'inia. Mwambie aende akauangalie huo mkono sasa hivi kabla ya masika, wakati wa bamvua maji yakikauka kabisa, aone chini kuna nini. Mimi yangu ilitobolewa na gogo ambalo sikuliona.